Wino wa Buluu

Siku ya sitini na tisa ya eda, saa tisa mchana, Mwanamina alisikia mwanamume akicheka chumbani kwa wifi yake.

Hakukosea. Masikio yake yalikuwa mazima, tena mwenyewe alijisifia kwamba husikia mbuzi akitafuna kamba nyumba ya tatu. Alikuwa ukumbini, miguu ameinyoosha, anasuka ukili wa mkeka ambao tangu aje hapa Mohoro ulikuwa hauongezeki, kwa sababu mikono ilikuwa kwenye ukindu na macho mlangoni. Kicheko kilikuwa cha chini, cha kifuani, cha mtu anayejizuia. Kisha sauti hiyohiyo nzito ikanong'ona, "Fungua basi, nimechoka kusimama." Na Biasha akaijibu.

Ukili ukamdondoka. Akainuka kwa ncha za vidole, akausogelea mlango, akabisha hodi na kuingia kwa pamoja, kama afanyavyo mtu asiyetaka kuambiwa subiri.

Biasha alikuwa peke yake kitandani, mtandio mweupe kichwani, simu mapajani, daftari nusu lake limeingia chini ya mto. Dirisha lina nondo, na kati ya nondo na nondo hapiti hata paka. Mwanamina akainama kuchungulia uvunguni, bila haya. Palikuwa na maboksi ya simu mbovu za marehemu na ndala za Biasha.

"Ulikuwa unazungumza na nani?"

"Nilikuwa nasoma, wifi."

"Unasoma kwa sauti ya mwanamume?"

"Labda ni redio ya jirani. Jua lenyewe hili, mtu unaweza kusikia chochote. Umekunywa maji lakini?"

Mwanamina alikuwa na darasa lake la saba na miaka hamsini na miwili, na alimjua mtu anayejibu swali ambalo hakuulizwa.

Biasha alikuwa mke wa mdogo wake, Saidy, fundi simu, aliyekwenda kwa homa ya siku nne akaacha mjane, binti mmoja, Amal, aliyekuwa bwenini Kibiti, na nyumba hii yenye fremu ya duka mbele, iliyotazama barabara. Baada ya hitima, kaka yao mkubwa Abdulhalim alimvuta Mwanamina pembeni. "Kaa naye mpaka eda iishe," alimwambia. "Mjane mbichi haachwi peke yake. Na macho uwe nayo. Akifanya la aibu, aibu yenyewe itamrudisha kwao Ruaruke, sisi hatutamgusa. Fremu ile nitakupa wewe uuzie vitumbua vyako."

Basi hapo ndipo alipomshika. Miaka ishirini na moja Mwanamina alikuwa akiuza vitumbua Nyamwage, kando ya barabara kuu, anakimbilia madirisha ya mabasi na beseni kichwani, vumbi lote la barabara ya Lindi linaishia mdomoni mwake. Konda mmoja aliwahi kumfungia dirisha kwenye vidole, na abiria wakacheka. Hakutaka utajiri. Alitaka mlango, na kufuli, na ufunguo wake mwenyewe akiufunga kwenye pindo la kanga.

Kila alfajiri baada ya kuswali alifunga fundo moja kwenye kamba ya ukindu, kuhesabu siku za eda, miezi minne na siku kumi. Maalim Mussa, mwalimu wa madrasa, alimwambia miezi ya eda huhesabiwa kwa mwezi kuandama. Yeye akaona mwezi una mawingu, fundo halina.

*

Tangu mchana ule shaka ikawa inakula naye sahani moja.

Alfajiri ya siku ya sabini na moja, alipokwenda uani kutia udhu, alikuta makubazi ya kiume kwenye mlango wa nyuma, yametazama ndani. Akaogopa kuyagusa. Akaswali hajui aliswali nini. Aliporudi kuyaangalia, jua limeshachomoza, makubazi hayapo, na Biasha anafagia uwanja kana kwamba hakuna kitu duniani.

"Nani alipita hapa?"

"Kuku, wifi. Huoni mavi yake?"

Siku mbili baadaye, Biasha akiwa bafuni, simu yake ililia kitandani. Mwanamina hakuigusa. Aliiinamia tu, mikono nyuma, ili akiulizwa aape kwamba hakushika simu ya mtu. Kwenye kioo palikuwa na jina, Ussi, na chini yake maneno: *Ya jana tamu sana. Leo nipe mbili.*

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Mdogo wake hajamaliza hata miezi mitatu kaburini, na mtu huko ameonja, amesifu, na anaomba mbili. Alikaa ukumbini akiutazama mlango wa chumba, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alilia. Alilia kwa hasira, na ndani ya hasira hiyo, Mungu amsamehe, palikuwa na furaha kidogo, kwa sababu alikuwa tayari anaiona fremu.

Ushahidi wenyewe aliupata Alhamisi. Biasha alikuwa jikoni anachambua mchele, na daftari lilikuwa palepale, chini ya mto. Lilikuwa limejaa maandishi ya rangi mbili, mstari wa buluu, mstari mwekundu, hakuna jina wala tarehe. Mwanamina akaelewa papo hapo. Wawili hawa, kwa kuogopa kusikika, walikuwa wanaandikiana, huyu kalamu yake, yule kalamu yake, wanapeana daftari kama wanafunzi. Akachana ukurasa mmoja taratibu, huku anakohoa ili karatasi isisikike, akautia kifuani. Alikwenda kuusomea chooni.

*Yupo?* iliuliza buluu.

*Yupo ukumbini, anasuka,* ilijibu nyekundu.

*Tangu lini?*

*Tangu alipokuja. Alisema siku mbili.*

*Basi nitapita uani kwa jirani.*

*Vua viatu. Ana masikio huyo, anasikia hata chumvi ikiyeyuka.*

*Nimekuletea.*

*Nipe upesi, kabla hajaingia.*

*Ataondoka lini?*

*Zikiisha siku zake.*

Aliusoma mara tatu. Uzinzi ulimkasirisha, lakini kilichomchoma zaidi ni ile chumvi.

*

Abdulhalim, aliyepelekewa habari usiku uleule, alifika Ijumaa asubuhi kutoka Kibiti, kwa bodaboda, na kilo mbili za sukari, na nyuma yake bodaboda nyingine imempakia mtu mwenye futi kamba. Ndugu wawili waliingia kwenye fremu, katikati ya vumbi na harufu ya risasi ya kuchomelea, pale alipokuwa akikaa Saidy. Vifaa vya kazi havikuwapo. Abdulhalim alivichukua siku ya saba, kuvihifadhi.

Aliisoma karatasi midomo ikicheza.

"Hii buluu mkono wa nani?"

"Wa mwanamume."

"Unamjua?"

"Ningemjua ningekuja na jina lake."

"Na sauti umeisikia kwa masikio yako? Na viatu umeviona?"

"Kwa macho haya."

Abdulhalim akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa kanzu, akaupigapiga mfuko kwa kiganja. "Ahsante," alisema. "Ahsante sana, mdogo wangu. Baada ya Ijumaa namleta Maalim Mussa, tuyamalize leoleo."

Mtu akiambiwa chumba cha marehemu mdogo wake kimeingiliwa, hukasirika kwanza, hata kama baadaye atafikiri. Kaka yake alikuwa ameshukuru, tena kwa kutabasamu, kama aliyerudishiwa chenji iliyozidi. Ndiyo kwanza Mwanamina akamtazama yule mtu wa futi kamba, aliyekuwa anapima mlango na kujiandikia kiganjani.

"Huyu anapima nini?"

"Mlango wa vioo. Mita mbili na nusu."

"Vitumbua vinataka mlango wa vioo?"

"Aa, hapa atakaa wakala wa pesa za simu. Mtu wa maana, analipa kodi ya mwaka mzima. Wewe nimekuombea kwake, utakaa hapo kwenye ngazi. Hatakufukuza."

"Kwenye ngazi."

"Kivuli kipo mpaka saa sita," alisema Abdulhalim, na akatoka kuzungumza na fundi wake.

Mwanamina alibaki amesimama katikati ya fremu. Alitaka kumdai ile karatasi, mkono ukaenda mpaka nusu ya njia, ukarudi. Neno likishatoka halirudi, naye alikuwa amelitoa mwenyewe, kwa mikono miwili.

*

Baada ya swala ya Ijumaa walikaa ukumbini watu watatu: Abdulhalim kwenye kiti, Maalim Mussa kwenye kiti kingine, Mwanamina chini kwenye mkeka. Biasha, kwa kuwa mwanamke wa eda hakai uso kwa uso na wanaume wasio maharimu wake, aliwekewa kigoda ndani ya korido, na mlangoni likashushwa pazia. Kilichoonekana kwake ni vidole vya miguu tu.

Abdulhalim alianza kwa dua, akaingia kwenye heshima ya ukoo, kisha akatoa karatasi na kuisoma yote, buluu na nyekundu, kwa sauti moja, kama anayesoma risiti ya umeme. Alipomaliza alisema, "Hiyo ndiyo eda ya mke wa Saidy. Shemeji, una neno?"

Mwanamina alikuwa anaviangalia vile vidole. Vilikuwa vimejikunja.

"Unaisoma vibaya, shemeji," alisema Biasha.

"Mimi? Mimi nimefika kidato cha nne."

"Unaisoma vibaya. Hapo kwenye 'yupo' anatakiwa awe anaogopa. Asipoogopa watu hawacheki."

"Watu gani wacheke? Unatufanyia mzaha? Nimekuuliza, mwandiko wa buluu ni wa mwanamume yupi?"

Wakasikia mtu akivuta pumzi puani, ndefu, kama anayetaka kupiga chafya akaghairi. Mwanamina akainua kichwa. Pumzi ile aliijua kabla hajajua anaijua.

"*Yupo?*" ilisema sauti nyuma ya pazia. Nzito, ya kifuani, inayokwaruza kidogo mwishoni. "*Tangu lini? Ehee? Basi nitapita uani kwa jirani.*"

Tasbihi ya Maalim Mussa ilisimama. Abdulhalim alishika mkono wa kiti, na uso wake ukaingia jivu. Ilikuwa sauti ya Saidy. Si ya kufanana, ilikuwa yake yenyewe, na ile "ehee" yake ya mwishoni ambayo mama yao alimchapa kwa ajili yake utotoni na isimtoke.

"*Nimekuletea,*" iliendelea sauti. "*Shika upesi, mke wangu, kingali cha moto. Kidari chako, paja langu. Mgeni tumwachie mfupa.*"

Kisha Biasha akarudi kuwa Biasha. "Ni kuku, Maalim. Mume ameleta kuku wa kukaanga, na nyumbani kuna mgeni aliyesema atakaa siku mbili. Ni kichekesho cha video, zile fupi za kwenye simu, za dakika moja. Tulikuwa tunaandika mimi na Saidy, mwaka wa tatu huu. Mistari ya mume aliandika yeye kwa buluu, ya mke mimi kwa nyekundu. Kuna bwana mmoja Dar, Ussi, anazichukua na kuwapa waigizaji wake. Hao hawapendi kusoma, wanataka kusikia namna ya kusema, kwa hiyo tulikuwa tunamtumia tumezirekodi. Saidy anasema yake, mimi yangu."

"Na Saidy amekufa," alisema Abdulhalim.

"Amekufa. Ussi hajui. Ningemwambia, angesema mume hayupo, kazi imekwisha. Kwa hiyo sasa kalamu zote mbili naandika mimi, na sauti zote mbili nasema mimi."

"Unamdanganya mtu kwa sauti ya maiti, ndani ya eda."

"Namdanganya, shemeji. Mola anaona na wewe unaona. Michango ya bweni ya Amal nani amelipa? Siku ya hitima ulisema mbele za watu utalipa. Mtoto alirudishwa getini mara mbili."

Abdulhalim akakohoa. "Na makubazi ya uani?"

"Ya Saidy. Usiku nayaweka mlangoni, mwizi akija ajue ndani kuna mwanamume; alfajiri nayaondoa, siku ile nilichelewa."

Maalim Mussa alikuwa amejifunika mdomo na ncha ya kilemba, na mabega yalikuwa yanamtikisika tangu kwenye ule mfupa. "Na huyo mgeni," aliuliza, "asiyeondoka, anayesikia chumvi. Ni nani?"

Vidole vikajikunja tena. "Mgeni tu, Maalim."

Hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Ukili ulikuwa pale mkekani, miguu imenyooshwa, mwenyewe ukumbini palepale alipoandikwa. Mwanamina aliona aibu inampanda kuanzia magotini. Wenye simu zao kuanzia Mohoro mpaka Dar walikuwa wanamcheka na hawamjui, na yeye ndiye aliyeuchana ukurasa wake mwenyewe na kuuleta usomwe mbele za watu.

Abdulhalim aliuona uso ule, akaona upenyo. "Maneno ya video tumeyasikia," alisema. "Kila mwenye kosa ana hadithi. Lakini aliyelala nyumba hii si mimi. Mwanamina, sema mbele ya Maalim. Ulisikia mwanamume chumbani kwa huyu mwanamke, au hukusikia?" Na akageuza kidevu kidogo tu, kuelekea fremu.

Lilikuwa swali jepesi. Neno moja la kweli lingetosha, nilisikia, na ukoo ungelibeba neno hilo mpaka Ruaruke. Hata ngazi ni ngazi, ina kivuli mpaka saa sita. Na huyu mwanamke alikuwa amemdhihaki, amemfanya kichekesho, anamla kuku kwa siri kwenye daftari.

"Nilisikia," alisema.

Abdulhalim akamgeukia Maalim.

"Nilimsikia Saidy. Nimembeba mgongoni mtoto yule, nimemfundisha kusema, nikaisikia sauti yake mlangoni na sikuitambua. Sikuitambua kwa sababu nilikuwa namtafuta mwanamume mwingine. Nilikuwa namtaka awepo, kaka. Tulikuwa tunamtaka wote wawili."

"Umechanganyikiwa."

"Nilichanganyikiwa tangu nilipokuja. Leo ndiyo nimetulia kidogo."

Maalim Mussa alisimama, akatafuta fimbo yake. "Mjane akae nyumbani kwa mumewe, siku zake zitimie," alisema. "Sauti ya mtu kujifanya mumewe, hilo litazame na Mola wako, bibi, mimi silipendi. Lakini fungu lako na la binti yako haliondoki kwa kikaratasi. Mirathi tutaigawa kwa kitabu, Abdulhalim. Hatutaigawa kwa futi kamba."

*

Kesho yake asubuhi Mwanamina alifunga mzigo wake. Haukuwa mkubwa. Biasha alimkuta ukumbini anaukunja ukili.

"Unakwenda wapi, wifi?"

"Nyamwage. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa zaidi ya sabini na jembe sijalishika."

Biasha akakaa chini karibu naye. Akashika ncha ya pili ya ukili.

"Nilikosea kukuandika," alisema Biasha.

"Hukukosea. Ndivyo nilivyo." Akaendelea kukunja. "Ila chumvi umenizidishia."

"Hiyo ya chumvi ndiyo waliyoipenda."

Mwanamina akauma mdomo ili asicheke, na hakufaulu. Alipomaliza kucheka alikuwa analia, na Biasha naye, na haikujulikana nani alianza.

"Huyo mgeni," aliuliza Mwanamina, anajipangusa kwa pindo, "yeye hasemi?"

"Kwenye ile ya kuku hasemi. Lakini Ussi anasema anamtaka kila wiki."

"Basi usimsemee. Utamkosea. Nipe nimseme mwenyewe."

Mzigo ukarudi ndani. Mchana huo walikaa chumbani, mlango wazi, Biasha mume na mke, Mwanamina mgeni. Alikuwa na maneno matatu tu: "Mimi naondoka kesho." Aliyasema mara nane. Biasha alimsahihisha kama mwalimu. "Usiyaseme kama unaondoka, wifi. Yaseme kama unavuta sahani." Mara ya tisa akayapata. Jioni jibu la Ussi likaja, na Mwanamina akalisoma bila kuficha mikono nyuma: *Huyo mama noma sana, mmemtoa wapi? Asiondoke.*

Ikawa ndiyo kazi yao. Abdulhalim hakurudi, wala sukari yake. Lakini Mwanamina alijijua. Hakukaa kwa ajili ya mgeni, wala kwa ajili ya pesa kidogo alizopewa na Biasha kila Ussi alipolipa. Alikaa kwa ile pumzi ya puani. Kila Biasha alipoivuta, alifumba macho, na mdogo wake alikuwa chumbani, mzima, anauliza kama yupo.

Alifikiri Biasha haoni. Siku moja, wakiwa wanafunga daftari, Biasha alisema bila kumtazama, "Eda ikiisha nitamwambia Ussi ukweli. Nimeshaweka nia. Kazi akitaka, nitaandika wanawake wawili na mgeni. Saidy hatasema tena."

"Kwa nini?"

"Maalim hapendi. Na mimi nachoka, wifi. Kila nikimaliza kumsema, anakufa tena."

Mwanamina alikuwa na la kusema na aliona haya kulisema.

Asubuhi iliyofuata alikaa na kamba ya ukindu mapajani muda mrefu baada ya swala. Ilikuwa na mafundo mia na tatu. Vidole vilishika ncha yake, vikaizungusha, vikaiacha bila fundo jipya. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu, walipokaa kuanza kazi, Biasha alifungua daftari ukurasa mpya.

"Leo siku ya ngapi, wifi?"

Mwanamina alihesabu kamba polepole, fundo kwa fundo, kama asiyejua itaishia wapi.

"Mia na tatu," alisema.

Biasha aliitazama kamba, akamtazama na yeye usoni. Mwezi aliuona dirishani mwenyewe, na kuhesabu alijua. Kisha akavuta pumzi puani, akachukua kalamu ya buluu.